Mkono wa Kushoto wa Bi Mwanaima

Kijiwe chetu cha Mtanda, hapa Lindi, ni benchi moja lililovunjika mguu, tukaliwekea tofali, kando ya birika la kahawa la Ahmadi. Asubuhi hii Iddi amekuja na bakuli la korosho nyeupe, nzima nzima. Kazibangua mama yake, Bi Mwanaima, ambaye kiharusi kilimlaza kabla ya Ramadhani na kuuacha mkono wa kulia umelala. Leo dada yake Iddi, Zakia, anakuja kumhamishia mama Dar. Mama mwenyewe hataki kusikia.

— Kabangua kwa kushoto, wazee! Iddi alisema, kifua mbele. Kaitoboa kandambili, korosho anaikita mle, anagonga.

— Ubongo ni redio, alisema Dismas, fundi redio tunayemwita Injinia. Stesheni moja ikikatika, unatafuta nyingine.

— Redio gani inajitengeneza yenyewe? Wewe ungekula wapi? alidakia Hasani, ambaye kwa kusema sana tunamwita Bunge. Ubongo ni nyumba ya udongo. Miti inabaki ileile, udongo unakandikwa upya kila ukibomoka.

— Nyumba yako mvua ilibeba na miti, Injinia akamrudishia.

Ahmadi akatua birika.

— Mnahangaika bure. Ni mafuta ya ganda la korosho! Miaka yote yanaingia vidoleni, yanapanda kichwani. Ubongo wa mtu wa Lindi unakunjika, lakini haukatiki!

Tukacheka, tukakaa wima, kila mmoja akijihesabu mwenye ubongo huo.

Bodaboda ikasimama. Zakia akashuka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Kaka Iddi, nimepita nyumbani. Nje ya ua nimesikia mtu anabangua. Mbili za polepole, moja ya nguvu. Mama tu hugonga vile. Mmemfundisha nani?

— Ni mama huyo. Kwa kushoto.

Zakia akasogea. Akachukua korosho moja bakulini, akaigeuza, akaitafuta ufa, hakuuona.

— Kushoto hajawahi kugonga hata siku moja, alisema. Sasa huo mdundo wake ulikuwa umekaa wapi?



Zakia akamgeukia dereva.

— Ukirudi stendi, mwambie wakala zile siti mbili za basi la Dar la kesho, nabaki na moja.