Kidole Nilichomnyima Esnath

Baba Mchungaji, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu wa kijiji, wazee wa kanisa, wakwe, nanyi mliotoka Makambako na Ilembula mkaacha mashamba yenu: kamwene.

Mimi Ezekieli Mgaya nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, nimewaona wenyeviti saba wa kijiji hiki wakiingia na kutoka, na ule mwaka baridi ilipounguza viazi vya kila mtu, vyangu vilitoka. Shule niliacha darasa la pili, mwalimu hakuwa na la kuniongezea. Nayasema haya mjue kwamba anayesimama leo, tunapomjengea mdogo wangu Esnath msalaba wa kaburi, si mtu wa kuyumbishwa.

Nani hapa hajala viazi vya Esnath? Nani alipita mlangoni kwake akaondoka hajacheka? Halafu Jumapili moja, ametoka ibadani, akaanguka uani, na jioni hakuiona. Mkaulizana, mtu mzima vile anakufaje hivihivi? Mimi ndiye niliyewajibu. Nilisema, mwulizeni Lenard.

Msijifanye mmesahau. Lenard ni jirani yake, mashamba yao yamepakana, na asubuhi ile walikunywa chai pamoja. Nilipita nyumba kwa nyumba na neno hilo. Mkaacha kwenda kumsaidia kuvuna. Mkewe Lidia akifika bombani, wenzake wanaondoa ndoo zao. Hata sasa namwona Lenard amekaa peke yake kule kwenye matofali.

Sababu yangu ilikuwa nini? Habari ya kilima changu mnaijua. Mtu wa mjini alikuja na karatasi, eti ya kuhesabu miti, nikaweka dole gumba, na paina zote zikaondoka pamoja na kilima chenyewe. Tangu siku hiyo kidole changu hakikanyagi karatasi. Sasa, mwezi mmoja kabla ya msiba, Esnath anaingia kwangu na karatasi, na Lenard yuko nyuma yake na kalamu mfukoni. Mlitaka nione nini? Niliona mpaka wa shamba unahama.

"Kaka, hii ni ya hospitali," alisema. "Nina uvimbe tumboni, wanataka kunipasua. Ndugu aweke saini pamoja nami."

Nikasema, "Hata yule wa paina alikuwa na maneno matamu."

"Mzee, ngoja nikusomee," akasema Lenard.

"Mbweha hamsomei kuku."

Esnath akacheka mpaka akajishika ubavu. Nilidhani ni kicheko tu. "Haya kaka, kaa na kidole chako. Ukikichoka, niite." Karatasi akaiacha mezani. Wanawe walikuwa tayari kusaini, yeye akakataa. Katika ukoo wetu dada hapasuliwi kaka mkubwa akiwa hajakubali.

Ile karatasi niliiweka ndani ya Biblia, iwe ushahidi wa kumfunga Lenard. Juzi nikampelekea Mwalimu Idda aisome, ili leo niiinue mbele yenu. Akasoma. Nikamwambia arudie, maana hata yeye nilimshuku. Hakuna shamba mle ndani. Kuna tumbo la Esnath, na mstari mtupu uliokuwa unaningoja mimi.

Angepona? Daktari hakusema. Mimi pia sisemi, na atakayekuja kunifariji nitajua anatafuta kitu.

Lenard, ondoka kwenye matofali hayo, baba, uje hapa mbele. Kuushika msalaba usimame wima wakati zege linamwagwa ni kazi ya kaka wa marehemu. Leo ushike wewe. Mimi nitabeba maji.

Nawashukuru kwa masikio yenu, hata yale yaliyonisikiliza vizuri mno mara ya kwanza. Asiyeniamini aende kwa Mwalimu Idda, karatasi anayo. Amwulize Lenard, alikuwepo. Na akitaka shahidi wa tatu, dole gumba langu hili hapa, safi, halina wino.