Jicho la Mwanafunzi Wangu wa Vitara

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, nawashukuru kwa kunivumilia, maana katika mikutano hii ya toba nimeinuka mara tatu nikaketi tena bila kutamka neno. Leo nitasema. Sitataja jina la mtu. Ninayemshtaki hapa ni mimi peke yangu.

Mnanijua kama mtu wa Kaisho, lakini nilizaliwa Nyakakika, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, nikahamia hapa nilipooa. Vita ya Wazungu ilipokuja nilichukuliwa uaskari. Sikupelekwa kwenye mapigano. Niliwekwa Kenya kulinda kambi ya Wataliani waliotekwa. Mmoja wao, mtu mwenye mvi, alikuwa akiwafundisha wenzake mchezo wa vitara, zile panga nyembamba za kuchomea, ila walitumia fito kwa kuwa chuma walikatazwa. Zamu yangu ikiisha alinifundisha na mimi. Nikajua kusimama, kukinga, kuchoma kwa hatua ndefu. Nikajiona mtu.

Niliporudi nyumbani, ndugu zangu, nawaambia kweli, nilishindwa kukaa. Nilikula nimesimama. Nilianza kupalilia mstari mmoja wa migomba, nikauacha katikati, nikaenda mpaka Kiruruma kumsalimia mtu ambaye hakuwa akinitazamia, kesho yake nikarudi. Mke wangu aliniuliza namkimbia nani. Nikaenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wengine mnacheka kwa sababu tulikunywa pamoja.

Mwishowe nikapata kazi kwenye mgodi wa bati, huku Kyerwa, kumbebea bwana mpimaji mnyororo wa kupimia ardhi. Alikuwa Mzungu mzee, mpole, na kwao alikuwa amecheza vitara tangu ujana. Siku moja aliniona nikichezacheza na fimbo wakati wa mapumziko, akaniuliza nimejifunzia wapi. Baada ya miezi michache tukawa na chama, katika stoo tupu ya mgodi, kila Jumamosi alasiri. Vitara vilikuwa vinne, vyembamba, visivyo na makali, vyenye kifundo nchani. Kofia za waya za kufunika uso zilikuwa mbili tu. Na sheria ya kwanza ilikuwa hiyo: asiye na kofia usoni hachezi.

Bwana mpimaji alijua hatakaa sana nchini, kwa hiyo alitaka aache walimu. Alichagua watu watatu tuwe walimu, na wengine wanane wawe wachezaji, akatufunza sote kwa pamoja. Mwalimu alimpa mchezaji somo mbele ya wote. Somo likiisha, mchezaji alisema mwalimu wake amekosea wapi. Hilo la pili, jamani, lilinichoma. Mimi niliyekuwa askari, nisahihishwe na mtu niliyemwonyesha jana namna ya kushika mpini?

Mchezaji wangu alikuwa mfugaji wa huku mbugani, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyekuwa akileta maziwa mgodini. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Jumamosi moja, baada ya somo, aliambiwa aseme. Akasema kwa adabu kabisa kwamba mwalimu wake anafundisha haraka kama mtu anayetaka kuondoka, hata hamtazami anayemfundisha. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini mimi kicheko kile nililala nacho wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia twende nyuma ya stoo tujizoeze, maana kofia zilikuwa zikitumiwa na wengine. Akaniuliza kuhusu sheria. Nikamwambia mwalimu ni mimi. Tukachukua fito. Alikinga mara ya kwanza, akakinga mara ya pili, na kila alipokinga nikazidi kupandwa na hasira. Mara ya tatu nilichoma juu, nikijua nachoma juu. Ufito ukamwingia kwenye jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. Aliketi chini akashika uso kwa mikono miwili, damu ikapita kati ya vidole. Akaniambia nimwitie watu. Nikaita. Walipofika nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi ya pili, kisha nikageuka na kuondoka. Nyumbani sikupita. Mke wangu sikumuaga.

Nilivuka mto Kagera nikaingia Uganda. Nikafanya vibarua kwenye mashamba ya pamba, nikaacha. Nikachoma matofali, nikaacha. Nikachunga ng'ombe wa mtu, na hao niliwaacha upesi zaidi, kwa sababu walinikumbusha yule mfugaji. Popote nilipofika, mtu akiniuliza nimetoka wapi, siku ya tatu nilikuwa nimehama. Nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi.

Halafu sokoni nikakutana na mwanamume wa hapahapa Kaisho, aliyekuja na kahawa. Nilitaka kujificha akanishika mkono. Akanieleza kwamba yule mtu yu hai, lakini jicho halioni tena. Hospitalini walipomuuliza nani kamuumiza, alijibu kwamba walikuwa wakicheza. Tena akaniambia kwamba mke wangu, tangu wiki ile, hubeba ndizi na maharage kichwani akateremka mbugani nyumbani kwa mtu huyo. Kwanza walimpokea kwa shida. Sasa walikuwa wakimrudisha na maziwa.

Ndugu zangu, habari ya jicho niliisikia nimesimama. Habari ya mke wangu ndiyo iliyoniketisha, palepale kwenye matope ya soko.

Nilirudi. Sikwenda kwangu kwanza, nilishuka mbugani. Nilimkuta mchana, amekaa kwenye kivuli cha nyumba anasokota kamba. Nikapiga magoti, nikasema yote, hata lile la kujua nachoma juu. Akaendelea kusokota kamba yake, mpaka nikatamani anipige. Kisha akasema:

"Lile nililijua. Nilikutazama, nikaona mkono ukipanda."

Nikamwomba aniambie nimlipe nini. Akasema:

"Jicho huna la kunipa. Nifundishe kulinda upande nisioona."

Nilifikiri ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa amejaribu kurudi stooni akashindwa, maana mtu wa jicho moja haoni vizuri umbali: kitara cha mwenzake humfikia kabla hajadhani kimekaribia.

Bwana mpimaji alinikubali kwa shingo upande, tena nianze kama mwanafunzi wa mwisho. Nikakubali. Lakini sikujua namna ya kumfundisha mtu kitu nisichokijua. Basi nikajifunga kitambaa jicho la kushoto, tukavaa kofia, nikasimama mbele yake. Nilichomwa kama kifuko cha pamba cha kuchomekea sindano. Jumamosi hata Jumamosi, wiki nyingi. Mwili ulitaka kukimbia, nawaambia, miguu ilikuwa ikiwasha. Siku moja akanizuia katikati ya somo, akasema:

"Usitegemee macho. Acha chuma kiguse chuma."

Tukajaribu. Tuliviacha vitara vigusane, na mkono ukaanza kujua mwenzake yuko karibu au mbali, anakaza au analegea. Siku ile alikinga upande wa kushoto mara tano mfululizo. Nikalia ndani ya kofia, kitambaa kikiwa bado jichoni, na mle machozi huwezi kuyafuta.

Bwana mpimaji alipokwenda kwao, aliacha walimu wanne badala ya watatu, nami nikiwa tena mmoja wao. Wa nne ni huyo mfugaji. Wanafunzi wapya hupelekwa kwake kwanza.

Namshukuru yeye, ambaye alikuwa na haki ya kunifungisha jela akanipa kazi. Namshukuru yule mwuza kahawa aliyenishika mkono. Mke wangu sijui nimshukuru vipi. Nilipoingia nyumbani alinipa jembe akanionyesha mstari niliouacha.

Nanyi nawaachia neno hili. Ukimuumiza mtu, rudi kwake mwenyewe kabla hujaenda kwingine kuomba amani, na ukifika, fanya anachokuomba yeye, si kile ulichopanga kumpa. Sisemi nimetulia. Hata sasa ninavyosema nautazama mlango. Lakini mwenzangu, yule mfugaji, ameketi karibu nao, mlango ukiwa upande wa jicho lake lisiloona, na Jumamosi alasiri ananingoja. Nitakwenda.