Cassien Munyaneza, Fundi Aliyepanda Alichokitengeneza

Cassien Munyaneza alizaliwa mwaka 1931 huko Zaza, Kibungo. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, masomo yakaishia siku alipoifungua kengele ya kanisa ili aone ndani kuna nini. Aliirudisha vizuri kabisa, ila aliirudisha Jumatatu, na misa ilikuwa Jumapili.

Mwaka 1950 alikwenda Tanganyika, akaajiriwa kuosha mabehewa kwenye uwanja wa reli Tabora. Baadaye aliingia karakana ya vichwa vya treni, akawa fundi wa breki, tangu enzi za mvuke hadi dizeli ilipokuja na mafundi wa zamani wakanuna kama wafiwa. Karakana ile ilikuwa na desturi yake: kichwa kikishatengenezwa, aliyekaza nati ya mwisho anakipanda safari ya kwanza. Ukifanya ovyo, mtaanguka wote.

Desturi hiyo nusura imnyime mke. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, siku ya ndoa yake na Athanasie, alipanda kichwa cha majaribio hadi Malongwe. Alifika kanisani jioni, suti imelowa oili, mkononi ana kopo.

“Gari moshi lako limekufa njiani?” akauliza baba mkwe.

“Hapana, baba, limepona. Dereva alisimama kununua asali.”

Asali ililiwa, ndoa ikafungwa.

Shirika la reli la nchi tatu lilipovunjika mwaka 1977, Cassien alirudi Rwanda, nchi isiyo na hata hatua moja ya reli, akafungua karakana ya malori Kimisagara. Desturi ya Tabora alikuja nayo. Kila lori alilolitengeneza alilipanda mwenyewe hadi chini Nyabugogo, akiwapungia wachuuzi mkono kama askofu.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Daktari alimkataza ngazi, chumvi na malori. Ngazi na chumvi aliacha. Kilichomkosesha usingizi si kifo, ni karakana. Alitaka bintiye, Mutesi, ambaye alimfundisha mwenyewe kazi yote, airithi, lakini wateja walikuwa wakimkimbia binti.

“Muzee, breki ya binti?” alisema Habiyaremye, mwenye lori la ndizi. “Mimi iko na watoto nalea!”

“Na mimi iko na roho moja, tena mbovu,” akajibu marehemu. “Nibebeni.”

Wakambeba, wakamketisha mbele katikati ya Mutesi na Habiyaremye. Mutesi akashika usukani, lori likashuka mteremko wote. Habiyaremye alifumba macho, akaanza Salamu Maria. Chini Nyabugogo Mutesi akakanyaga breki, lori likatulia pua kwa pua na kikapu cha nyanya. Mwenye nyanya alitukana; marehemu akacheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata malori yalipanga foleni.

Cassien alifariki nyumbani, Jumanne, tarehe 17 Novemba 1992, akiwa usingizini. Ameacha mjane, mama Athanasie. Watoto, Mutesi na Bruce. Wajukuu, na karakana isiyofungwa.

Lori lililomleta hapa makaburini ni lile la ndizi. Leo asubuhi Mutesi alikaza nati ya mwisho, akapanda mbele. Habiyaremye akapanda pia, macho wazi.

Lala kwa amani, baba. Breki zimeshika.