Cheni ya Pingili Ndefu

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wa karakana, na ninyi mliosimama nje kwa sababu viti vimekwisha, kamati ya msiba iliiandika historia ya marehemu kwa mistari minne, ikampa mpwa wake aisome, lakini dada yake mkubwa aliichukua karatasi ile mezani, akaikunja, akaitia kwenye pochi, na ndiye huyu mnayemwona amesimama hapa na karatasi zake mwenyewe, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, aliyekataa kiti na aliyekataa kipaza sauti, kwa hiyo mlio nyuma msogee.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Mei 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa mashindano ya baiskeli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga kengele wa uwanja huo na mkewe mshona magodoro. Kwa wasioujua, kwa maana ulivunjwa mwaka 1968 na pale sasa pana ghala la saruji, uwanja huo ulikuwa njia ya mviringo ya zege iliyoinuka kwenye kona kama ukingo wa sahani, na kazi ya baba yao ilikuwa kusimama karibu na mstari na kugonga kengele mara moja tu, pale mwendeshaji wa mbele anapobakiza mzunguko wa mwisho. Mama yao alifariki tarehe 2 Agosti 1966, na tangu siku hiyo dada, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyempikia marehemu, aliyemfulia na aliyemchapa, na yote matatu aliyafanya kwa bidii ile ile.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1975 hadi 1977, ambako alihitimu kwa daraja la kwanza, na katika ripoti zake zote walimu waliandika neno moja, mtulivu, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu akadhani ndilo jina lake. Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza na kukagua mizani, akadumu huko miaka thelathini na minane, akizunguka madukani, sokoni na kwenye maghala na sanduku lake la mawe ya mizani yaliyoviringishwa moja moja kwenye kitambaa laini. Kazi hiyo ilimfaa kwa ufundi ikamponza kwa mengine, kwani muuza sukari akimwona anaingia hamkaribishi kiti, anaanza kuifuta mizani kwa ncha ya shati, na mwenyewe alipenda kusema kwamba katika maisha yake amekaribishwa chai na wenye maduka watatu, na wawili kati yao mizani zao zilikuwa mbovu.

Kuna jambo ambalo kamati haikuliandika, nalo ni ile baiskeli ya kijani iliyoegemezwa ukutani hapo nje, ambayo baadhi yenu mmeitundikia mikoba, tafadhali iondoeni. Mwaka 1965, akiwa na miaka tisa, marehemu alimwona bingwa mmoja akishinda juu ya baiskeli hiyo, na uwanja ulipovunjwa iliuzwa vipande vipande, kila kipande kikashika njia yake. Haina breki wala gia, na gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na pedeli, yaani likizunguka na miguu inazunguka, hupati hata nukta moja ya kukaa tu ukiserereka. Tarehe 22 Julai 1984 aliikuta fremu yake kwa mfuga kuku, imechomekwa bandani na majogoo wakiilalia, akaitambua kwa namba iliyochongwa chini, pale inapoingia krenki, yaani mikono ya chuma inayoshika pedeli, akaibeba begani mpaka nyumbani. Usukani aliupata mwaka 1986 kwa mchomeleaji, rimu mbili za mbao mwaka 1988 kwa seremala aliyekuwa akizitundikia kofia, krenki na pedeli mwaka 1990, na kila kimoja alikilowesha, akakisugua, akakinyoosha, akakipaka mafuta, hata ikafika mahali mgeni wake, ambaye kwa kweli alikuwa dada yake peke yake, anakalia kitanda kwa sababu viti vimekaliwa na vipuri.

Kilichobaki kilikuwa cheni. Sproketi ya baiskeli hiyo, lile duara la meno linalovuta cheni, ina meno machache yaliyoachana, kama mtoto anayebadilisha meno, na inataka cheni ya pingili ndefu, inchi nzima kutoka pini hadi pini, ambayo viwanda viliacha kuitengeneza kabla baba yao hajaota mvi. Aliitafuta miaka tisa, akaipata tarehe 11 Februari 1993 ndani ya boksi la misumari la fundi viatu, ikiwa imeshikana kwa kutu kama kitu kimoja, na siku hiyo alifika kwa dada yake, akaiweka juu ya meza ya chakula, akaitazama huku akitabasamu mpaka chakula kikapoa.

Kuhusu ndoa, kamati imeandika kwamba marehemu hakuoa, ikaweka nukta, na dada yake anaomba kuifuta nukta hiyo. Marehemu alikuwa na mchumba, karani wa posta, nao walikubaliana kufunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993. Tarehe 4 Machi mwaka huo, marehemu akiwa safarini kukagua mizani za maghala, dada yake, aliyekuwa na ufunguo na tabia ya kufagia nyumba isiyo yake, aliingia chumbani mwake, akakuta chini ya kitanda sufuria imejaa mafuta ya taa meusi tii na ndani yake kitu cha kutu kimejikunja, akamwaga mafuta mferejini, akasugua sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa, na kile cha kutu akampa bure mtu wa chuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Marehemu alirudi tarehe 6, akaja kwa dada yake, akasimama kizingitini, akauliza, "Dada, ile cheni niliyoiloweka hukuiona?" Na dada, ambaye wakati huo alikuwa ameshaelewa alichokifanya, akajibu, "Cheni gani? Mimi sufuria nimeikuta tupu."

Hakuna aliyemlazimisha kujibu hivyo. Alikuwa amemlea, amezoea kuuliza na si kuulizwa, na kumwomba radhi mtoto uliyempangusa kamasi kulimshinda kwa dakika ile moja, akajiambia ni uongo mdogo tu wa kupitisha jioni. Marehemu hakumshuku hata chembe. Alikaa, akafikiri, akasema basi huenda aliitoa mwenyewe akaisahau mahali, na wiki zilizofuata alipita duka kwa duka, kwa wale wale wasiopenda kumwona, akiwauliza kama aliacha cheni kwao, na kila alipojibiwa hapana alirudi amenyong'onyea zaidi. Mjue kwamba baba yao alianza kusahau mwaka 1981, na mpaka anafariki tarehe 30 Oktoba 1986 alikuwa akigonga kikombe kwa kijiko mchana kutwa na kumwuliza marehemu yeye ni mtoto wa nani, na marehemu ndiye aliyemlisha na kumwogesha. Sasa akaamini kwamba zamu yake imefika, akiwa na miaka thelathini na sita.

Mchumba wake, kwa nia njema, alimletea boksi la vikaratasi vigumu vya kufungia vifurushi, vyenye tundu na uzi, akamwambia aandike ili asisahau, naye akaandika, kila kipuri, kila ufunguo, kila safari, hata vile vya zamani alivirudia kwa kuwauliza waliompa, na ndiyo sababu tarehe mnazozisikia leo ni za hakika. Halafu tarehe 21 Agosti 1993 alivunja uchumba. Kwa karani hakutoa sababu, alimwambia tu kwamba yeye hafai kuwa mume wake. Kwa dada yake alisema, "Dada, siwezi kumfunga mtoto wa watu kwenye mzigo niliouona kwa baba." Dada yake alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Marehemu hakujaaliwa watoto, na sababu ni hiyo hiyo.

Miaka ishirini na mitatu iliyofuata aliishi peke yake katika chumba kile chenye mlango wa bluu, na upweke wake haukuwa wa mtu aliyekosa watu, ulikuwa wa mtu anayewakimbiza mapema ili wasije wakasahauliwa. Mwaka 2004 alikataa ukuu wa karakana. Aliacha kwenda harusini, akihofia kumwita mtu kwa jina lisilo lake. Asubuhi alikuwa akitaja kwa sauti namba za mawe yake yote ya mizani kabla ya kunywa chai, na kwenye kioo cha kunyolea alifunga kikaratasi chenye jina lake na jina la dada yake, ili siku ikifika akute pa kuanzia. Dada yake alikuwa akikiona kikaratasi hicho kila alipokwenda kumsalimu, na mara nyingi maneno yalimfika mdomoni akayameza, kwa sababu uongo ule, uliokuwa wa jioni moja, sasa ulikuwa na mke ndani yake, na watoto ambao hawakuzaliwa, na hakujua angeanzia wapi kuutoa.

Tarehe 14 Aprili 2016 vikaratasi vinakoma. Jioni ya siku hiyo marehemu alifika kwa dada yake bila taarifa, akakaa, hakuomba kitu, akakishika kikombe cha chai mpaka kikapoa, akakiosha mwenyewe, akaondoka, na dada akadhani ni uzee tu unambishia hodi. Alistaafu tarehe 9 Mei 2016. Kikaratasi cha kwenye kioo kikatoweka. Mwaka uliofuata dada aliikuta baiskeli imesimama chumbani na cheni yake, nusu pingili kuukuu na nusu mpya alizozikata mwenyewe kwa tupa kutoka kwenye bamba la chuma, akamwuliza ameipata wapi, naye akajibu bila kuinua macho, "Nimekumbuka nilipoiweka." Dada alijua kwamba hilo haliwezekani, na akashukuru, na hilo la kushukuru analitaja leo kwa aibu.

Jumapili tarehe 17 Septemba 2023, kwa mujibu wa daftari la getini, mzee mmoja na baiskeli aliingia katika uwanja wa ghala la saruji saa mbili asubuhi akatoka saa tatu kasorobo. Mlinzi wa ghala, ambaye yuko hapa, ndiye mtu pekee aliyemwona marehemu akiiendesha, na amesimulia kwamba alizunguka mizunguko mingi, na kwa kuwa breki haina alimpita mlinzi mara tatu akitaka kusimama akashindwa, akicheka, kisha akabadili nia, akapaza sauti, "Nikipita tena hapa, gonga geti mara moja." Mlinzi aligonga kwa rungu lake. Marehemu akainamia usukani, akauzunguka mzunguko huo kwa nguvu zake zote, akajisimamisha kwa kuukumbatia ukuta.

Moyo wake ulianza kusumbua Januari 2024, akalazwa tarehe 2 Novemba, na akafariki dunia tarehe 19 Novemba saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, akili yake ikiwa kamili, akimtaja kila muuguzi kwa jina lake, hata wa zamu ya jana.

Juzi dada yake alikwenda chumbani kukusanya tarehe za historia hii, akaitungua ile sufuria ukutani, na kwenye mpini wa sufuria akakuta kimefungwa kikaratasi cha mwisho, kinachosomeka hivi: "14 Aprili 2016. Nimetengeneza mizani ya kuning'iniza ya mzee wa chuma chakavu. Imefungwa kwa kipande cha cheni yangu. Asema alipewa na mwanamke, mlango wa bluu, mwaka 1993. Kumbe kichwa changu ni kizima. Dada asiambiwe."

Miaka minane na miezi saba alilijua, akaja kila Jumapili, akanywa chai, hakunung'unika, na uongo wa dada yake akaujibu kwa uongo wake mwenyewe ili dada asipate kuinamisha uso. Angekuja akafoka, dada angelia, wangeyamaliza. Alichagua kubaki nalo peke yake, kama alivyobaki na kila kitu. Na wewe uliyekaa karibu na dirisha, uliyekuwa karani wa posta, uliyesafiri tangu jana bila kujua kwa nini dada huyu alikubembeleza ufike, hukuachwa kwa kutopendwa, uliachwa kwa sababu ya sufuria iliyosuguliwa, na anayestahili kulaumiwa amesimama mbele yako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku kumi na saba, majirani waliombeba ngazi zote tatu kwa kiti cha jikoni, mafundi wenzake walioleta mawe yake ya mizani yakiwa yameviringishwa kama alivyoyaacha, mlinzi wa ghala kwa kugonga geti, na mzee wa chuma chakavu, ambaye alisema ukweli alipoulizwa mara moja tu.

Mdogo wangu, dada ameambiwa, naye amewaambia wote. Shusha sasa miguu kutoka kwenye pedeli, pumzika kwa amani.