Makofi ya Mpiga Tarumbeta

Nyuma yangu kwenye basi, msusi mmoja alikuwa bado anafuta macho. Wote tulitoka kutazama filamu ya maisha ya mpiga tarumbeta wa jazi, naye alitaka kila abiria ajue kilichomliza. “Pale mkewe anaposimama dirishani kumsikiliza. Mapenzi ndiyo yale.”

“Uongo mtupu,” akasema mama aliyeketi kando yake, kapakata mkoba wa tarumbeta. “Mimi huyu wangu akianza kupuliza, dirisha nalifunga, majirani wasije juu. Halafu umeona wapi tarumbeta isiyomwagwa mate? Angeyamwaga hata mara moja kwenye zulia la mkewe, ningeamini.”

“Dada, watu wanalilia mapenzi, wewe unalilia zulia.”

Mume mwenyewe alikuwa amelala fofofo kwenye bega langu, bila kuniomba ruhusa.

“Na shemeji kaionaje?” msusi akauliza.

“Alilala tangu ile harusi yao. Mwishoni watu walipopiga makofi, akashtuka, akasimama, akainama kushukuru.”

“Mama yangu. Ulijificha wapi?”

“Nililia. Hajapigiwa makofi tangu bendi yao ivunjike.”

“Kumbe nawe filamu ilikuliza.”

“Si filamu.”

Basi likasimama kituoni kwao. Mama akanyoosha mkono amwamshe mumewe, msusi akamzuia, akaanza kupiga makofi. Mzee akafumbua macho, akasimama, akatuinamia wote. Nami nikapiga, bega langu likiwa limelowa mate.