Mkono wa Kulia wa Mzee Wabwire

Na Celine Opondo

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Bwana Protus Wabwire anastaafu baada ya miaka ishirini na sita hapa kituoni kwetu Kawangware. Tangazo limebandikwa ukutani. Mpaka leo hatuamini. Kuna waliodhani mtu huyu alijengwa pamoja na jengo.

Alianza kwa kufundisha vijana kuchapa kwenye kompyuta kuukuu za msaada. Ilipoingia kazi ya kuzipa picha majina ili mashine zijifunze, akawa msimamizi wetu. Na tuseme ukweli, alikuwa mkali ajabu. Kwake, mfanyakazi bora ni yule asiyeinuka kitini. Kila wiki aliyekaa kuliko wote alinunuliwa soda, na mara nyingi mshindi alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita tukaona jambo la kutisha. Akinywa chai ya saa nne, kikombe kilimtoka katika mkono wa kulia. Akainama kukiokota, vidole vikakataa. Daktari alimweleza kwamba shingo na mkono vimechoshwa na kukaa mkao mmoja siku nzima, na kwamba asipobadilika atapasuliwa, na hata hapo mkono huenda usirudie nguvu zake. Mtu anayeishi kwa vidole vyake! Tulilia waziwazi.

Alirudi kazini mtu mwingine kabisa. Ikawa amri asubuhi na alasiri: simu mezani, simameni, fumbeni macho. Tulizungusha mabega kama wachezaji wa ngoma za kwao Busia, ila polepole sana, kila mtu akisikiliza anapoumia, kisha wote tukishusha pumzi kwa pamoja.

Kanisa la jirani, ambalo tunatenganishwa nalo na mabati tu, likasikia pumzi hizo. Siku moja mlango ulifunguliwa kwa kishindo, wakaingia akina mama wa maombi na chupa ya mafuta, wakiongozwa na Mama Magdaline.

"Haki ya Mungu, huku kuna nini inapumua hivyo?" akauliza, na kabla hajajibiwa mkono wake ulishatua kichwani mwa Mzee. Tuliombewa mpaka chai ikapoa. Alipoelezwa, akajishika shingo.

"Hii yangu imeletwa na WhatsApp. Nisimame wapi?"

Hajakosa tangu siku hiyo. Ni yeye aliyemvuta Mzee hadi Sarang'ombe, Kibera, ambako mafundi wa simu wanaoinama kutwa nzima sasa hunyooka naye kila Jumamosi.

Jumatatu iliyopita Mzee alipita meza kwa meza akituaga. Alipomfikia mwenzetu Oloo, alimbana kiganja mpaka Oloo akapiga yowe. Tuliruka vitini kwa hofu. Kisha tukaona ni mkono upi uliombana, tukashangilia kama wendawazimu.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea siku nyingi, tena nyepesi. Oloo naye anakushukuru kwa moyo wote, ila anaomba Ijumaa umuage kwa mdomo tu.