Sarafu ya Kumsindikiza Sasson

Kijiwe chetu hapa Ramla ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Sasson, nyuma ya soko, pale wauza samaki wanapomwaga barafu yao. Tunakaa watatu, na Sasson wa nne, ambaye hakai kwa sababu ndiye anayepika. Mimi ni Amram, lakini wananiita Breki, kwanza kwa sababu niliendesha basi mpaka nikastaafu, pili kwa sababu mtu akianza upuuzi namkatisha papo hapo. Wa kushoto kwangu ni Ilyau, watu wa Bukhara hao, jina lake Redio, na redio yenyewe haina pa kuzimia. Yule mwenye kofia ni Gavriel, alizaliwa Georgia, tunamwita Mheshimiwa tangu alipogombea udiwani akashindwa vibaya, maana hata mkewe, Mungu amrehemu, alimpigia kura mwingine.

Asubuhi hiyo ya Juni Sasson alikuwa anaondoka. Anakwenda Melbourne kwa bintiye, Merav. Anakwenda kusalimia tu, wiki sita, ndivyo alivyosema, na sisi tukaitikia “naam, wiki sita,” kama watoto wa chekechea. Kitanda amempa muuza mitumba. Paka amempa jirani. Majira ya baridi alianguka bafuni Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, na kwa kuwa siku ya Sabato hatukai kijiweni, akalala pale sakafuni mpaka Jumapili asubuhi, Mheshimiwa alipokosa kahawa yake akaenda kuvunja mlango. Baada ya hapo binti akasema basi, baba, inatosha. Nani atamlaumu? Lakini neno “kuhama” hakuna aliyelitamka pale benchini, na mimi ningemkaba koo ambaye angelitamka.

Sasa, kwetu Wayahudi msafiri hupewa sarafu ya sadaka. Unamwambia, ukifika, mpe maskini wa huko. Hapo anakuwa mjumbe wa jambo jema, na wazee wa kale walishasema, mjumbe wa jambo jema hadhuriki njiani. Ni jambo la dakika moja. Lakini ukiwa na Redio, hakuna jambo la dakika moja.

Redio: Tumpe moja tu, kwa niaba ya kijiwe kizima. Mshika mawili moja humponyoka.

Mimi: Hiyo methali ya mtu mwenye tamaa. Huyu anapewa, hakamati.

Redio: Anayepewa hakamati? Atapokea kwa pua?

Mheshimiwa: Ndugu wajumbe, kwa ruhusa ya kikao. Suala si ngapi. Suala ni ipi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku hizi vijana wanalipa kwa simu, sarafu zimebaki kwetu wazee na kwenye visanduku vya sadaka vya sinagogi. Tukamwaga mifuko yetu juu ya gazeti, tukavaa miwani, na nakuapia, tumezishika sarafu hizi maisha yetu yote lakini siku ile ndiyo tulizitazama.

Redio: Hii ya shekeli kumi. Mtende. Haya, hesabu makuti.

Mheshimiwa: Saba.

Redio: Na sisi na Melbourne tumepishana saa ngapi sasa hivi?

Mheshimiwa: Ngapi?

Redio: Saba!

Mimi: We Redio, mtende huo babu zetu waliupiga kwenye sarafu wakipigana na Warumi. Melbourne ilikuwa haipo hata kwenye ndoto.

Redio: Ndiyo maana nikakwambia ni maajabu! Na chini ya mtende pana nini? Vikapu viwili vya tende. Sasson, ndege imekuruhusu mabegi mangapi?

Sasson alikuwa anasuuza vikombe, mgongo ametugeuzia.

Sasson: Mawili.

Redio: Si mnaona? Wale wazee walijua kila kitu. Na maandishi yanasema “kwa ukombozi wa Sayuni.” Maana yake mtu wa huku akipotelea huko, anakombolewa, anarudishwa.

Hapo hatukucheka. Sasson akafunga bomba la maji, akalifungua tena.

Mheshimiwa: Mtende ni mti. Mti una mizizi. Unampaje msafiri kitu chenye mizizi? Chukua ya tano. Kichwa cha nguzo, tena nguzo ya majumba ya wafalme, mikunjo miwili, kushoto na kulia. Mimi nawauliza, ndege inakaaje juu?

Mimi: Injini.

Mheshimiwa: Injini inasukuma mbele. Nani anaishika kwa chini?

Redio: Hewa.

Mheshimiwa: Hewa! Wewe umewahi kutundika koti kwenye hewa? Bibi yangu kule Kutaisi hakujua kusoma, lakini alijua kwamba Mfalme Suleimani alikuwa anaruka. Alikuwa akipumzika wapi? Juu ya nguzo. Zilipangwa kutoka hapa kwenda mashariki yote. Nguzo zimeanguka, vimebaki vichwa, nacho kimoja ndicho hiki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi: Hiyo inaingiaje hapa?

Mheshimiwa: Si imetoka mfukoni mwangu?

Breki gani itasimamisha gari la namna hiyo? Nikaona bora niwaonyeshe watu wazima wanavyofikiri. Nikachukua shekeli moja, nikaiweka katikati ya gazeti.

Mimi: Yungiyungi. Ua. Kitu chepesi, hakimwelemei mtu. Sarafu yake ya kale, ile ya enzi za Waajemi, ilikuwa fedha tupu na ndogo kama punje ya dengu. Msafiri alikuwa anaitia mdomoni, chini ya ulimi. Mnyang'anyi atapekua mfuko, atapekua viatu, mdomo hapekui.

Redio: Nani kakwambia?

Mimi: Inajulikana.

Redio: Kwa hiyo Sasson afyonze shekeli mpaka Melbourne? Wakimletea kuku wa kwenye ndege je?

Mheshimiwa: Ataimeza. Itabidi maskini wa huko awe na subira.

Mimi: Cheka tu. Ndiyo maana wewe hukupata kura.

Redio: Basi tumpe senti kumi. Kinara cha taa saba, kitakatifu kuliko vyote.

Mheshimiwa: Ebo! Mfalme aliyekipiga kinara kile kwenye sarafu zake, Warumi walimkata kichwa. Unampandisha rafiki yako ndege na sarafu ya aliyekatwa kichwa?

Redio: Nusu shekeli, basi. Kinubi.

Mimi: Kinubi hicho kimetolewa kwenye muhuri wa kale, na wataalamu mpaka leo wanabishana kama muhuri wenyewe ni wa kweli au umeghushiwa. Utamsindikiza mtu na kitu chenye kesi?

Redio akaipiga ile ya kumi juu ya benchi, paa.

Redio: Mimi nasema mtende! Ishike uone ilivyo nzito!

Mheshimiwa: Uzito wa nini? Yeye ndiye anayebeba.

Redio: Nataka iwe nzito! Ningekuwa na sarafu ya uzito wa jiwe la kusagia ningempa hiyo, mabegi yazidi, wamshushe, arudi hapa anipikie kahawa. Haya, nimesema. Mnataka nini tena?

Akavua miwani akaifuta kwa shati. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakujisumbua kuyaficha. Mheshimiwa akajifanya anasoma gazeti lililokuwa chini ya sarafu. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kukatisha watu, sikumkatisha, maana alikuwa amesema langu.

Sasson akatuletea kahawa. Nyeusi, na iliki kupita kiasi, kama anavyoipika siku zote, na siku zote tunamwambia imezidi. Siku ile hakuna aliyemwambia.

Teksi ikafika kabla hatujafika nusu ya vikombe. Akashuka dereva, kijana mrefu wa Kihabeshi, beji yake imeandikwa Fantahun.

Fantahun: Wazee wangu, hamjambo? Nani wa uwanja wa ndege?

Sasson: Mimi, mwanangu. Mabegi yale pale.

Fantahun akayapakia. Sisi tukasimama, na kwa kuwa hatukuwa tumeafikiana, kila mtu akatoa yake. Redio akampa mtende, Mheshimiwa akampa nguzo, mimi nikampa yungiyungi. Sasson akazipokea moja moja kwa mikono miwili, akazitia mfuko wa shati.

Fantahun: Samahani wazee, hizo za nini?

Mheshimiwa: Ni sadaka, kijana. Akifika, anazitia kwenye kisanduku cha sinagogi. Njiani hadhuriki, kwa sababu ametumwa.

Fantahun: Ahaa, nimekumbuka, hata nyanya yangu alikuwa akifanya. Hizo basi za kwenda. Ya kurudi kapewa na nani?

Aliuliza kwa wema kabisa, mkono uko kwenye mlango wa gari. Mheshimiwa akavua kofia, Redio akaanza kukusanya sarafu zilizobaki kwenye gazeti. Fantahun akaona amekosea, akainamisha kichwa.

Sasson akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa sarafu ya shekeli mbili.

Sasson: Asubuhi nzima mmepiga kelele, hakuna aliyeitaja hii.

Redio: Tuliisahau.

Sasson: Itazame basi.

Redio: Pembe mbili. Zimejaa matunda. Huku chini zimeunganishwa. Katikati komamanga.

Sasson: Na maana yake?

Redio: Sijui.

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa Redio.

Sasson: Sirudi, jamani. Mnajua kwamba sirudi, nami najua kwamba mnajua. Ya kurudi hainifai. Wenye safari ngumu ni ninyi.

Mheshimiwa: Sisi tunakwenda wapi?

Sasson: Mnabaki. Mimi nakwenda kwenye nyumba yenye watoto, nikikohoa watu watatu wanakuja mbio. Ninyi kila mmoja yuko peke yake, na mlango umefungwa kwa ndani. Mimi nililala kwenye ile sakafu siku mbili nikiwaita. Wewe Breki nilikuita, na wewe, na wewe. Sitaki mniite na mimi niko ng'ambo. Kwa hiyo nawatuma. Siku mtakayosikia nimekufa, sarafu hii mpeni maskini. Kabla ya siku hiyo ninyi ni wajumbe wangu, na mjumbe hadhuriki.

Mimi: Aishike nani?

Mheshimiwa: Breki. Mwili wake wa basi la zamani, hauharibiki.

Mimi: Mpeni Redio. Kifo kikija kwake hakitapata hata nafasi ya kujitambulisha.

Redio: Mimi? Mimi nina presha! Mpeni Mheshimiwa, hakuna anayemtaka, hata malaika!

Tulikuwa tunacheka na kulia kwa wakati mmoja, watu wazima watatu, mbele ya dereva wa teksi.

Sasson: Mtapokezana. Leo wewe, kesho yule, mkono kwa mkono, asubuhi, hapa hapa. Asiyefika, wawili wamfuate kwake siku hiyo hiyo. Msingoje kesho.

Redio: Na Sabato? Sarafu haishikwi siku ya Sabato.

Sasson: Sabato ndiyo siku niliyoanguka, Ilyau. Siku hiyo mwende kwa aliyelala nayo, mikono mitupu.

Akatukumbatia mmoja mmoja. Mheshimiwa akataka kutoa hotuba, akakohoa, akasema “aliye juu mngoje chini,” na kwa mara ya kwanza sikuwa na nguvu ya kumwambia haiingii. Sasson akaketi mbele, karibu na Fantahun, akafunga mkanda. Gari likakata kona ya wauza samaki, likaenda zake.

Wiki ile tulipokezana bila kukosa. Jumapili Mheshimiwa, Jumatatu mimi, Jumanne Redio, tukazunguka tena hivyo hivyo. Kahawa tukawa tunaipika wenyewe kwa gesi ya Redio, na ni mbaya, sina la kuongeza. Ijumaa adhuhuri sarafu ilikuwa kwa Redio, akaenda nayo nyumbani.

Sabato ikaingia. Asubuhi nikatoka sinagogi, na badala ya kwenda kulala kama nilivyozoea, nikapanda ngazi za jengo la Redio, ghorofa ya tatu, magoti yananitukana. Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Alikuwa Mheshimiwa, kofia mkononi. Harufu ya wali wake wa Sabato, ule unaolala jikoni usiku kucha, ilikuwa imejaa ngazi nzima, lakini mlangoni kulikuwa kimya, na Redio si mtu wa kimya. Nikagonga. Hakuna jibu. Nikagonga kwa ngumi.

— Nani?

— Breki. Na Mheshimiwa.

— Mmeleta nini?

— Hatukuleta kitu. Mikono mitupu.

Tukasikia anaburuta kandambili, anatoa komeo.

— Basi ingieni.